Leseni ya masafa kwa droni na ndege za rimoti: ilikotoka na inavyokuhusu



Maswali kuhusu droni yamekuwa mengi. Vikundi vya mpunga vinauliza kama inafaa kuchangishana kununua ya kupulizia dawa. Wanunuzi wa kakao wanauliza ya kukagua mashamba yaliyo mbali na barabara. Vijana wa picha za harusi na misiba nao wanataka ya kupigia picha kutoka juu. Katika maswali yote, moja linajirudia: "Muuzaji wa mtandaoni ananiambia rimoti hii inafika kilomita nyingi, lakini kwenye maelezo imeandikwa kwamba mtumiaji awe na leseni ya redio ya ridhaa. Je, nikate hiyo leseni nianze kazi?"

Jibu fupi ni hili. Kwa kazi ya kulipwa, leseni ya redio ya ridhaa haitakusaidia hata ukiipata. Ukitumia rimoti ya namna hiyo shambani kwa malipo, utakuwa umevunja sheria ukiwa na leseni mkononi. Na usipokuwa nayo, umevunja mara mbili.

Jibu refu lipo kwenye historia. Naomba uisome hadi mwisho, maana ukielewa leseni hii ilitoka wapi, hutahitaji kuniuliza tena kila kifaa kipya kinapoingia sokoni. Na hela unayotaka kutoa ni ya kikundi, si ya kuchezea.

Hewa ni kama mfereji

Rimoti ya droni, simu yako, redio unayosikilizia taarifa ya habari na redio koli ya askari, vyote vinatumia mawimbi. Kinachovitenganisha ni masafa, yaani wimbi linacheza mara ngapi kwa sekunde. Wimbi likicheza mara milioni moja kwa sekunde tunasema ni megahezi 1. Redio ya FM iko kati ya megahezi 88 na 108. Simu za kawaida nyingi huanzia karibu na 900. Rimoti nyingi za droni ziko karibu na 2,400.

Aliyewahi kulima mpunga wa umwagiliaji, kwa mfano kule Mbarali, anajua maana ya zamu ya maji. Mfereji ni mmoja, wakulima ni wengi. Kila mtu akifungua kwake wakati anaotaka, wa juu atafurika na wa chini atakauka. Kwa hiyo kuna kamati, kuna zamu, na kuna faini kwa anayeiba maji usiku. Masafa ni hivyo hivyo. Wawili wakirusha mawimbi kwenye masafa yaleyale mahali pamoja, mmoja humfunika mwenzake, au wote wawili hawasikiki. Leseni ya masafa ndiyo zamu yako kwenye mfereji huo.

Zamu hiyo ilianzaje

Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyokuwa ikielea kwenye bwawa ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden. Hakukuwa na mtu ndani yake wala kamba. Aliiendesha kwa mawimbi ya redio. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji walidhani ni uchawi. Hicho ndicho chombo cha kwanza kinachojulikana kilichoendeshwa kwa rimoti ya redio, na wakati huo hakukuwa na leseni yoyote kwa sababu hewa ilikuwa tupu.

Haikukaa tupu. Ndani ya miaka michache meli zilifungwa mitambo ya redio, na majumbani vijana walianza kujitengenezea yao kwa waya na mbao. Wakawa wanaingiliana. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912 meli ya Titanic ilizama, na habari za kuzama kwake zilipokuwa zikisafiri hewani, mawimbi ya watu wengi yalichanganyikana na habari za uongo zikaenea. Mwezi Agosti mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria: kila anayerusha mawimbi awe na leseni. Vijana wale wa majumbani, ambao hawakuwa na meli wala kampuni, walipewa mawimbi yenye urefu wa mita 200 kwenda chini. Wataalamu wa wakati ule waliamini mawimbi hayo mafupi hayafai kwa lolote. Ni kama mtu apewe shamba la mchanga wakati wenzake wanagawana bonde.

Kumbe shamba lile lilikuwa na rutuba. Desemba 1921 mawimbi ya hao wa ridhaa yalivuka bahari kutoka Marekani yakasikika Scotland, na mwaka 1923 watu wa Marekani na Ufaransa walizungumza kwa pande zote mbili. Sasa serikali na makampuni wakayataka yale mawimbi mafupi. Mwaka 1927, kwenye mkutano wa mataifa uliofanyika Washington, hatimaye wa ridhaa walitengewa masafa yao katika kanuni za kimataifa.

Hapa ndipo shika neno, maana ndilo linalojibu swali lako. Masafa hayo walipewa kwa masharti. Leseni ni ya mtu mwenyewe aliyethibitisha kwamba anaijua kazi ya redio. Anaitumia kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzake. Hatumii kujipatia fedha. Masharti hayo bado yako kwenye kanuni za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, na nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zinayafuata. Neno "ridhaa" hapa lina maana ileile ya mpira wa ridhaa: unacheza kwa mapenzi, si kwa mshahara.

Ziwa letu na habari iliyochelewa

Usidhani mambo haya ni ya Marekani na Ulaya tu. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, mojawapo ya mambo ya kwanza kabisa Waingereza waliyofanya katika Tanganyika ya Wajerumani ilikuwa kupiga kwa mizinga kituo cha redio cha Dar es Salaam. Ilikuwa tarehe 8 Agosti, na meli iliyopiga iliitwa Astraea. Wajerumani walikuwa na vituo vingine Mwanza na Bukoba.

Hapa kwetu Ziwa Nyasa, mwezi huohuo, meli ya Kiingereza Gwendolen ilivuka ziwa na kuikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Nahodha Mwingereza, Rhoades, alikuwa amekwisha pata habari za vita. Nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa nazo. Wawili hao walikuwa wakifahamiana vizuri. Risasi zilipoanza, Berndt alimwendea mwenzake kwa hasira akitaka kujua ana wazimu gani, naye akaambiwa kwamba nchi zao ziko vitani na yeye ni mateka.

Nalieleza hili kwa sababu watu huuliza kwa nini Serikali inaingilia hata droni ya kupiga picha mpunga. Tangu siku zile kila dola ilijifunza kwamba mwenye mawimbi ana habari, na mwenye habari ana nguvu. Mwaka 1939, vita ya pili ilipoanza, Uingereza ilizifunga redio zote za ridhaa na kuchukua mitambo yake. Zilifunguliwa tena vita ilipokwisha.

Kutoka VQ3 hadi 5H

Kila kituo cha redio cha ridhaa kina alama yake ya utambulisho, kama namba ya gari. Herufi za mwanzo zinaonyesha nchi. Enzi za Mwingereza, Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4, Uganda VQ5, na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ilikuwa ZD6. Baada ya uhuru kila nchi ilipewa alama yake: Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Malawi 7Q.

Kwa hiyo ukisimama Katumba Songwe, upande huu wa mto ni 5H na ng'ambo ni 7Q. Nyote mnaujua Mto Songwe: mafuriko yakija unabadilisha njia, na shamba lililokuwa huku linajikuta kule. Mawimbi ni zaidi ya mto. Hayapiti Kasumulu kugonga mhuri. Rimoti yenye nguvu ukiiwasha Katumba Songwe inasikika Karonga, na ya Karonga inasikika hapa. Ndiyo maana masafa hayawezi kuachiwa kila kijiji kijiamulie. Ni lazima nchi zipatane.

Anayesimamia zamu hiyo amebadilika mara kadhaa. Wakati wa ukoloni na kwa miaka mingi baada ya uhuru, kazi ilikuwa ya posta na simu za Afrika Mashariki kwa pamoja. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu. Shirika hilo lilikuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Sheria ya mwaka 1993 ikatenganisha, ikaundwa Tume ya Mawasiliano. Sheria ya mwaka 2003 ikaunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, tuliyonayo leo. Na sheria kubwa inayoongoza mambo haya ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Chini yake, kutumia masafa yanayohitaji leseni bila kuwa nayo ni kosa la jinai, lenye faini au kifungo.

Ndege za mfano zilivyoingia kwenye masafa ya ridhaa

Sasa turudi kwenye rimoti. Mwaka 1937 huko Michigan, Marekani, mapacha wawili, Walter na William Good, walitengeneza ndege ndogo waliyoiita Guff na kuirusha kwa rimoti ya redio. Walitumia masafa ya ridhaa kwa sababu moja tu: mtu binafsi hakuwa na masafa mengine halali. Kwa hiyo katika miaka ile aliyetaka kurusha ndege ya mfano alilazimika kwanza kusoma redio, kufanya mtihani na kupata leseni.

Wengi waliopenda ndege hawakupenda mtihani. Mwaka 1958 Marekani iliwachukulia wa ridhaa sehemu ya masafa yao karibu na megahezi 27, ikawapa wananchi wa kawaida kwa redio zao za kuzungumza na kwa vyombo vya rimoti, bila mtihani. Kuanzia hapo njia zikawa mbili. Njia ya kwanza ni ya aliyefanya mtihani: alitumia masafa ya ridhaa, hasa kati ya megahezi 50 na 54. Njia ya pili ni ya asiyefanya mtihani: alikaa megahezi 27 pamoja na umati.

Umati huo ulikuwa na nafasi sita tu za rimoti, na kila nafasi ilikuwa na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani na bluu. Mtu alifunga kitambaa cha rangi yake kwenye antena ili wenzake wamwone. Kwenye viwanja vya kurushia kulikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo, kimoja kwa kila nafasi. Hukuruhusiwa kuwasha rimoti mpaka uwe umeshika kibanio cha nafasi yako. Ukiwasha bila kibanio, ndege ya mwenzako iliyo juu inapokea amri zako badala ya zake, na inaanguka. Unaona? Ni zamu ya maji ileile, ila hapa anayeiba zamu anaangusha chombo juu ya vichwa vya watu.

Miaka ya 1970 redio za kuzungumza za megahezi 27 zilienea sana Marekani, kisha Uingereza, na ndege nyingi za mfano zilianguka kwa kuingiliwa. Wenye leseni ya ridhaa hawakupata shida hiyo kwa sababu walikuwa kwenye masafa yao. Lakini na wao walibanwa na masharti. Kanuni ya Marekani hadi leo inasema rimoti ya chombo cha mfano kwenye masafa ya ridhaa isizidi nguvu ya wati 1, na ibandikwe lebo yenye alama ya utambulisho, jina na anwani ya mwenye leseni. Kwa kubandika lebo hiyo, anasamehewa kujitaja hewani kila mara. Na katika yote, kurusha kwa malipo hakuruhusiwi.

Kwa nini droni za leo hazihitaji hayo

Mwaka 1942, mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipata hataza ya Marekani kwa wazo la kuongoza kombora la majini kwa redio inayorukaruka kutoka masafa moja kwenda jingine, ili adui asiweze kuizuia. Wazo hilo halikutumika wakati wa vita ile. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vifaa vya nguvu ndogo vinavyotawanya mawimbi yao namna hiyo kutumia sehemu fulani za masafa, ikiwemo ile ya karibu na megahezi 2,400, bila mtumiaji kuwa na leseni. Nchi nyingine zikafuata kwa taratibu zao.

Katika miaka ya 2000 watengenezaji wa rimoti wakahamia huko. Rimoti na droni sasa zinafahamiana kwa namba zao za siri na kuruka pamoja kutoka nafasi hadi nafasi. Watu wengi wanaweza kurusha uwanja mmoja bila vibanio vya nguo. Ndiyo sababu droni ya kawaida ya dukani haikudai leseni ya ridhaa. Gharama yake ni kwamba nguvu ni ndogo, kwa hiyo umbali ni mdogo. Hapo ndipo wauzaji wa "rimoti ya kufika mbali" wanapopata wateja.

Droni zenyewe zimefanya kazi kubwa ukanda huu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini mwaka huohuo. Jirani zetu wa Malawi walifungua eneo maalumu la majaribio ya droni Kasungu mwezi Juni 2017. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba droni imepeleka dawa kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60 kwa dakika 40. Mambo yote hayo yalifanyika kwa vibali. Na mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za ndege zisizo na rubani chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Hicho ni kibali cha chombo kuruka. Leseni ya masafa ni jambo jingine, na moja halifuti jingine.

Mtego wa rimoti ya kufika mbali

Vifaa vya kufika mbali vinavyouzwa mtandaoni hutumia masafa ya chini zaidi, maana mawimbi hayo hupenya miti vizuri. Angalia namba zilizoandikwa kwenye kifaa au kwenye boksi.

Ukiona 433, au namba yoyote kati ya 430 na 440, hayo ni masafa ya ridhaa. Nchi fulani zimeruhusu kipande chake kidogo kwa vifaa vya nguvu ndogo sana, lakini rimoti ya wati nzima haimo humo.

Ukiona 1,200 au 1,300 kwenye kifaa cha kurushia picha, tena uko kwenye masafa ya ridhaa au jirani na masafa ya mitambo mingine, ikiwemo ya satelaiti za kuonyesha mahali.

Ukiona 915, hapo kuwa makini zaidi. Dunia imegawanywa kanda tatu za masafa. Amerika ni kanda ya pili, na huko eneo la 902 hadi 928 ni huru kwa vifaa vidogo. Afrika na Ulaya ni kanda ya kwanza, na huku sehemu ya eneo hilohilo hutumiwa na simu za mkononi. Kifaa halali Chicago kinaweza kuwa haramu Kyela. Fikiria mnara mmoja unaohudumia vijiji kadhaa, siku ya mnada, watu wanatumiana fedha kwa simu, na wewe uko bondeni umewasha rimoti inayoupigia kelele mnara huo. Wakala anakwama, mnunuzi wa mpunga anakwama, na mama mjamzito anayeitafutia gari anakwama. Wataalamu wa TCRA wana vifaa vya kutafuta kelele inatoka wapi, na watakufikia.

Hilo linahusu pia redio koli za bei nafuu zinazouzwa bila maswali. Nyingi zinaweza kurusha popote kati ya megahezi 136 na 174. Ndani ya eneo hilo kuna 156.8, ambayo duniani kote ni masafa ya meli kuomba msaada. Sisi ni watu wa ziwa, na mnajua Nyasa likichafuka linavyokuwa. Usiwashe kitu usichojua kinapiga wapi.

Kabla ya kutoa hela ya kikundi

Fanya haya kwa mpangilio.

Kwanza, mwambie muuzaji akupe kwa maandishi masafa na nguvu ya rimoti na ya kifaa cha picha. Akikwepa, acha.

Pili, peleka maelezo hayo TCRA uulize kama kifaa cha aina hiyo kimeidhinishwa kutumika nchini na kama masafa yake yanahitaji leseni. Uliza kabla ya kuagiza, kwa sababu kifaa kisichoidhinishwa kinaweza kukwama forodhani hela yako ikiwa imeshakwenda.

Tatu, wasiliana na TCAA kuhusu usajili wa droni na kibali cha kuruka. Taratibu zao zinahusisha pia ridhaa ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Sisi tuko mpakani, kwa hiyo usilichukulie hili kwa wepesi. Droni iliyovuka Songwe kwa bahati mbaya imeingia nchi nyingine bila ruhusa.

Nne, kama ni ya kupulizia dawa, niulize pia kuhusu viuatilifu vyenyewe. Si kila dawa ya bomba la mgongoni inafaa kunyunyiziwa kutoka juu, na upepo wa ziwani unaweza kuipeleka kwenye kakao au bwawa la samaki la jirani.

Tano, kama kikundi kitakodisha mtoa huduma badala ya kununua, mwombe aonyeshe vibali vyake kabla ya kumlipa. Kwa wakulima wenye ekari moja moja, mara nyingi kukodisha kwa pamoja ni nafuu kuliko kumiliki.

Na wewe kijana unayependa kufungua redio na kuona ndani kuna nini, historia hii isikukatishe tamaa. Leseni ya ridhaa ipo kwa ajili yako. Ni njia ya kujifunza fundi wa redio anavyofanya kazi, na kuzungumza na mtu wa nchi ya mbali kwa antena uliyoijenga mwenyewe. Uliza TCRA masharti yake, uyasome yote, uyafuate. Jua tu kwamba siku utakapolipwa shilingi moja kwa kazi uliyofanya kwenye masafa hayo, umetoka kwenye ridhaa.

Waliogawiwa shamba lile la mchanga mwaka 1912 walikubali sharti moja: kulilima bila kuuza mavuno. Wamelishika kwa zaidi ya miaka 100, na ndiyo sababu bado wanalo. Mwenye biashara ana masafa yake na vibali vyake. Avifuate huko.

Mwenye karatasi ya muuzaji na haelewi namba zilizoandikwa, aje nayo ofisini tuisome pamoja kabla hajalipa.